Farasi wa Pembeni

Kwa miaka sita nimekuwa mtu wa tano katika timu ya watu wanne. Klabu yetu ya sataranji ina mechi moja kubwa kila mwaka, dhidi ya klabu ya mji wa jirani, na mechi hiyo ina viti vinne tu. Mtu wa tano anaitwa wa akiba. Kazi yake ni kubeba saa za mchezo, kubeba chupa za maji, na kuwatakia wenzake kila la heri kwa uso usioonyesha kwamba anaomba mmoja wao apatwe na tumbo la kuendesha. Kazi hiyo nimeifanya kwa uaminifu, na matumbo ya wenzangu hayajawahi kunisaidia.

Mwaka huu mfamasia wetu, mwenye kiti cha nne, alihamishwa kikazi. Nilimsindikiza mpaka stendi, nikambebea sanduku, nikamkumbatia. Mke wangu anasema hajawahi kuniona nikimuaga mtu kwa furaha kiasi kile. Kesho yake nikabandika karatasi kwenye mlango wa karakana yangu ya friji: JUMAMOSI YA MWISHO WA MWEZI TUMEFUNGA, FUNDI ANA MECHI. Wateja wakauliza mechi ya nini na kitambi hiki. Nikawaambia wasubiri, wataona.

Basi mwenyekiti wa klabu akasimama na karatasi mkononi. Huyu ni karani wa mahakama aliyestaafu, na mpaka leo hawezi hata kukuuliza hali bila kusoma mahali. Akasoma kwamba kwa matokeo ya mwaka mzima, wanachama wawili wamelingana pointi kwa kiti cha nne. Watacheza mchezo mmoja Jumamosi saa tisa alasiri. Atakayeshinda anakwenda, atakayeshindwa ni wa akiba. Wa kwanza ni fundi friji. Wa pili ni mama mkwe wa fundi friji.

Chumba kizima kiliangua kicheko. Mimi sikuona cha kuchekesha. Mama naye hakucheka. Alikuwa anafuta miwani yake taratibu, kama mtu aliyeambiwa basi litachelewa kidogo.

Niseme kwanza alivyofika klabuni, maana kosa ni langu. Mama mkwe ni mkunga mstaafu. Miaka miwili iliyopita alifanyiwa upasuaji wa goti, akaja kwetu kupumzika mwezi mmoja. Mwezi wenyewe haujaisha. Sisemi kwa ubaya, nampenda, ila mtu aliyezoea kuamka usiku kuwapokea watoto wa watu hawezi kukaa kwenye kochi akitazama ukuta. Wiki ya kwanza alipanga skrubu zangu zote kwa ukubwa. Wiki ya pili alihamia kwenye kabati la vyombo. Nikaona nisipofanya jambo, wiki ya tatu atanipanga mimi. Nikashusha ubao wa sataranji juu ya kabati, nikamwambia, "Mama, njoo nikufundishe mchezo."

Alishika upesi mno. Siku ya ishirini hivi nilibaki na mfalme na askari wawili, jasho likinitoka, na kama mke wangu hangetuita mezani, ningefungwa na mwanafunzi wa wiki tatu mwenye bandeji gotini. Usiku ule usingizi ulinipaa.

Hapa lazima mnielewe kidogo. Sisi mafundi tuna desturi yetu, wala haijaandikwa popote: fundi hafundishi yote. Fundi aliyenifundisha mimi friji alinipa kila kitu isipokuwa hatua moja. Kabla ya kujaza gesi, lazima uvute hewa yote kutoka ndani ya mirija kwa pampu, la sivyo unyevu uliobaki utaganda na kuziba njia. Kila alipofika hapo alinituma chai. Mwaka mzima nilipojitegemea, friji zangu zilikuwa zinagandisha vizuri majuma matatu, kisha zinakufa, na wateja wananirudia na maziwa yaliyochacha. Nilipogundua siri, nilimlaani yule mzee kwa lugha zote ninazozijua. Halafu, ajabu ya binadamu, nilipopata wa kumfundisha, nami nikafanya vilevile.

Ufunguzi wangu ni mmoja tu, siku zote, nikiwa na kete nyeupe. Natoa askari aliye mbele ya mfalme, natoa farasi, natoa askofu. Mpinzani anatoa askari wake na farasi wake wawili. Ndipo farasi wangu anaruka tena mbele, na yeye na askofu wote wawili wanamkodolea macho askari mmoja mnyonge anayemlinda mfalme wa mwenzangu. Mpinzani anaziba njia ya askofu kwa kusogeza askari katikati ya ubao. Namla askari huyo. Sasa mtu yeyote mwenye akili timamu atamla askari wangu kwa farasi aliye karibu, maana ni haki yake. Na haki hiyo ndiyo inayomuua. Namtoa farasi wangu kafara, mfalme wake analazimika kumla, anatoka nje mchana kweupe, na akishatoka hana pa kujificha tena.

Dawa yake ipo. Unaacha kumla yule askari. Unamchukua yule farasi wako mwingine, unampeleka pembeni kabisa mwa ubao, na kule anamtishia askofu wangu. Ukiitazama hatua hiyo unaona kama mchezaji amesinzia, lakini ni dawa kamili. Hiyo sikumfundisha Mama. Si kwamba nilisahau. Nilifanya vibaya zaidi. Wachezaji tuna usemi kwamba farasi akikaa pembeni ni aibu, na mara nyingi ni kweli, ndiyo maana unafaa sana kudanganyia. Nikamwambia Mama usemi ule, kwa sauti ya ualimu. Akaitikia kwa kichwa, akauandika kwenye daftari lake.

Tangu siku ile nimemfunga kwa ufunguzi uleule karibu kila jioni, miaka miwili. Nyumbani nyeupe ni zangu. Sikumbuki tulikubaliana lini. Goti lilipopata nafuu alinifuata klabuni, akajiandikisha mwenyewe, na sasa pale anawanyoosha watu wazima mpaka wanamwita Mkunga kwa heshima, lakini hakuna mwingine pale anayecheza ufunguzi wangu, wanasema ni wa kitoto. Na mwenyekiti hakuwahi kutupanga pamoja. Alisema kanuni hazikatazi, busara ndiyo inakataza. Kwa hiyo nilipotangaziwa mchezo huu, baada ya kushtuka, nilitulia. Nikipata nyeupe tu, kiti changu.

Ijumaa mke wangu akanikuta naimba nikinawa grisi mikononi. Akaniuliza kulikoni. Mdomo wangu hauna kufuli nikiwa na furaha, nikamweleza yote, ya farasi na ya pembeni. Akabaki ameshika taulo langu.

"Umemfundisha mama yangu vibaya kwa makusudi?"

Nikamwambia si vibaya, ni pungufu. Nikamkumbusha desturi ya mafundi. Akasema watu husema usimwamshe aliyelala, ukimwamsha utalala wewe. Mimi, akasema, nimemwamsha mtu halafu nikamfunga kitambaa machoni. Akanitaka nimwambie Mama usiku uleule. Nikasema nitamwambia, ila baada ya Jumamosi. Akanitupia taulo, halikunifikia, nikaliokota mwenyewe sakafuni.

Klabu yetu iko juu ya duka la dobi. Chini wanapiga pasi, juu sisi tunapigana. Mvuke unapenya kwenye sakafu, na wakati wa kiangazi ukicheza kwa saa mbili unashuka na shati lisilo na mkunjo hata mmoja. Ngazi ni ishirini na mbili. Nilimshika Mama mkono wa kushoto, wa kulia ana fimbo, na kwa ajili ya goti tukapumzika ngazi ya kumi na moja. Alikuwa amevaa viatu vyake vyeupe vya hospitali. Anasema ndani ya viatu vile akili yake haichoki.

Pale kwenye ngazi akaniuliza, akitazama mbele, "Una la kuniambia kabla hatujaingia?"

Kidogo niseme. Neno lilifika kooni, nikaiona ile karatasi kwenye mlango wa karakana, nikaviona viti vinne.

"Hapana, Mama. Nakutakia kila la heri."

"Haya, mkwe," akasema. Huniita mkwe akiwa radhi nami na fundi akiwa hayuko radhi, kwa hiyo nilipanda ngazi zilizobaki moyo ukiwa mwepesi.

Mwenyekiti akaficha askari wawili ngumini, mmoja mweupe mmoja mweusi, akanyoosha mikono. Nikagusa ngumi ya kulia. Nyeupe. Nilijitahidi kutotabasamu, meno yakanisaliti. Akatusomea kanuni tunazozijua sote, na ile ya mwisho akaisoma mara mbili: ukigusa kete, umeicheza. Kisha akabonyeza saa.

Nikasogeza askari wangu, Mama akasogeza wake. Farasi, farasi. Askofu wangu, farasi wake wa pili. Tulikuwa tunakwenda kama watu wanaotandika kitanda pamoja kila asubuhi. Farasi wangu akaruka mbele. Yeye akasogeza askari katikati. Watu wapatao kumi walikuwa wamesimama nyuma yetu, na nikamsikia mmoja akinong'ona kwamba fundi na ule utoto wake. Nikamla askari, nikabonyeza saa, nikakaa vizuri kwenye kiti. Nyumbani Mama hapotezi hata nukta hapo. Anamla askari wangu, na mimi naanza kazi.

Safari hii hakucheza. Alivua miwani. Hakutazama ubao, alinitazama mimi, bila hasira yoyote, jinsi nadhani alivyokuwa akiwatazama akina mama waliomwambia uchungu bado haujaanza huku wameng'ang'ania ukingo wa kitanda. Dakika moja ikapita kwenye saa yake, kisha ya pili. Nikaanza kutazama viatu vyangu.

Halafu mkono wake ukaja, ukampita farasi niliyekuwa namsubiri, ukamshika yule mwingine. Mawazo yangu ya kwanza, na naapa ni kweli, yalikuwa huruma. Nilitaka kumwambia, Mama, umeshika farasi siye. Ukigusa umecheza, maskini. Akamnyanyua taratibu, akampeleka pembeni kabisa mwa ubao, akamweka, akamgeuza kidogo uso wake unitazame mimi. Akabonyeza saa.

Masikio yangu yalipata moto. Chini dobi alipiga pasi mara moja, mvuke ukapanda, na mimi nilikuwa nalitazama lile farasi la mbao kana kwamba limeingia kwa kupitia dirishani.

Yaliyofuata sitayarefusha. Kwa miaka miwili nilikuwa sijawahi kuuona upande ule wa ufunguzi wangu mwenyewe ukichezwa dhidi yangu, na nilichowahi kusoma kilikuwa kimeganda mahali kama ule unyevu kwenye mirija. Askofu wangu akampigia mfalme wake cheki, Mama akaziba kwa askari. Nikamla, naye akala, na askofu akabaki anatishiwa tena, akarudi nyumbani mkia matakoni. Askari wake mwingine akamfukuza farasi wangu. Farasi akarudi nyuma. Askari wa pili akamfukuza tena, farasi akarukia katikati, na malkia wake akatoka akasimama mbele yake kama mwenye nyumba aliyesikia mlango. Kwa kuhesabu kete, nilikuwa mbele kwa askari mmoja. Kwa kila hesabu nyingine nilikuwa naomba mvua inyeshe paa livuje.

Mfalme wangu hakuwahi kupata nafasi ya kujificha. Alibaki katikati kama mtu aliyeingia sebuleni akasahau alichofuata, na kete za Mama zikamkusanyikia moja moja, bila haraka. Hakunidharau hata kidogo. Kila hatua aliifikiria, kila mara akiniangalia kwanza, kana kwamba ninaweza bado kusema jambo. Hatua ya ishirini na sita nikamlaza mfalme wangu ubaoni. Nikampa mkono. Mkono wake ulikuwa mkavu na wa joto, wangu ulikuwa umelowa.

Mwenyekiti akaandika, kisha akasoma alichoandika: kiti cha nne, Mkunga; wa akiba, fundi friji. Watu wakapiga makofi, na wengine wakanipigapiga begani, jambo ambalo linauma kuliko kuzomewa. Nikakusanya saa nikaziweka kwenye mfuko. Mikono yangu iliujua mfuko ule kuliko inavyoijua bisibisi.

Tukashuka. Ngazi ya kumi na moja tukapumzika tena. Nilikuwa nimekasirika, siwezi kudanganya. Nilikuwa na hakika mke wangu amenisaliti, na nikasema hivyohivyo: kwamba binti yake amemwambia jana usiku.

Mama akashangaa kweli. "Kwani yeye naye anajua?"

Akakaa kwenye ngazi, akanyoosha goti lake, akaniambia aliijua hatua ile tangu mwezi wa pili wa kujifunza. Hakuna aliyemfundisha. Alikuwa akirudia mchezo peke yake mchana, mimi nikiwa karakana, akijaribu kila kete mahali pake, na ya mwisho kuijaribu ilikuwa ile niliyomwambia ni aibu. Akajiuliza kwa nini fundi mzima, aliyecheza miaka yote ile, aijue aibu asiijue dawa. Basi akajua.

Nikahesabu kichwani. Miaka miwili, kila jioni, mimi nikijipiga kifua, nikimweleza mke wangu mezani jinsi nilivyomfunga mama yake, na mama yake akiendelea kukata nyama yake kimya kimya.

"Mama, kwa nini ulikuwa unakubali kufungwa?"

"Ile ni nyumba yako. Nimekuja kwa mwezi mmoja nikakaa miwili, mitatu, mpaka leo. Hujaniuliza siku hata moja nitaondoka lini. Nikasema, kama kumfunga mama mkwe kunampa raha akitoka kazini, na apate." Akatafuta fimbo yake kwa mkono. "Lakini huku klabuni nimejiunga mwenyewe, kwa jina langu. Huku sikai kwako."

Nikauliza kwa nini hakuniambia tu kwamba anajua.

"Nimezalisha miaka thelathini na minne. Kitu kilicho ndani ya mtu hukivuti. Unakaa naye karibu, unamngoja akitoe mwenyewe. Wewe tu ndiye uliyenishinda."

Nililia kidogo pale kwenye ngazi. Sioni haya kusema. Nilidhani nyumbani kwangu mimi ndiye ninayemkaribisha mtu, kumbe kila jioni mtu alikuwa ananikaribisha mimi. Nikamwomba radhi, vizuri, kwa maneno yote, pamoja na yale ya farasi na aibu na daftari. Akasikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Haya, mkwe. Tushuke, dobi anataka kufunga."

Nyumbani nikaweka ubao mezani. Nikazipanga kete, kisha nikaugeuza, nyeupe zikamtazama yeye. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na sahani tatu mkononi, akaona, akazirudisha jikoni, na nikamsikia akiimba.

Mama hakuanza. Alishikilia kidole hewani juu ya kichwa cha askari wake, bila kumgusa, akaniuliza kama kuna kingine nilichomficha.

"Hakuna," nikasema.

Akanitazama kwa yale macho.

"Kipo kimoja," nikakiri.

Kilikuwa kipo. Ni hatua ndogo ya askofu ninapocheza na kete nyeusi, niliyoivumbua mwenyewe karakana nikisubiri friji ipoe, na sijawahi kumfundisha mtu yeyote, hata wale wanne. Ndiyo iliyonipa nusu ya pointi zangu mwaka huu. Nikazisogeza kete mpaka mahali penyewe, nikamwonyesha, na nilijua hii alikuwa haijui, kwa sababu alisahau kuvaa miwani akainama mpaka pua ikakaribia ubao. Akaniomba niirudie. Nikairudia mara tatu, polepole, sikumtuma mtu chai. Akafungua daftari, akaandika, na juu ya ukurasa ule wa zamani wa farasi akapiga mstari.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi karakana ilifungwa kama karatasi ilivyosema. Fundi alikuwa na mechi. Alibeba saa nne, chupa za maji, na fimbo moja, na alipomtakia mtu wa kiti cha nne kila la heri, hakumwombea tumbo. Mama alipata kete nyeusi. Nilisimama nyuma yake, nikamwona mpinzani akijipanga kwa raha zake, na nikauona mkono wa Mama ukimwendea askofu.